Mabeki Wanne na Sauti Moja

6 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo umepata nafuu. Au bado unavuta matrei ya mikate mwenyewe huku vijana uliowaajiri wamesimama wanakutazama? Mimi sijambo, ila usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Timu nimekabidhiwa. Msimu uliopita ilifungwa mabao mengi kuliko timu yoyote ya ligi, ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Mwenyekiti alinikalisha ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Kocha, sitaki mpira wa kupendeza. Nataka timu zije hapa zinatetemeka." Nikamwambia nimekuwa nikingoja mtu aniambie hivyo tangu nianze kazi hii. Wale mafundi wawili wa chenga nimeagana nao. Najenga timu kuanzia nyuma. Mabeki wangu hawatamsubiri mshambuliaji; watamfuata hukohuko aliko na kumpokonya mpira kabla hajautuliza.

Nikueleze, maana najua utaulizwa huko kiwandani. Mabeki wanne wanasimama mstari mmoja, karibu na katikati ya uwanja. Nahodha akipiga kelele "Panda!", wote wanapiga hatua mbele kwa pamoja, na mshambuliaji wa wenzetu anabaki nyuma yao, ameotea. Kibendera juu, kazi imekwisha. Lakini mmoja akichelewa kidogo tu, mtego unafumuka, na kipa anabaki peke yake na adui.

Sasa ombi. Nahodha anacheza beki wa kati kushoto. Kulia kwake namtaka mwanao. Nimemtazama huko kwenye timu yake ndogo, haogopi mguu wa mtu. Niruhusu nimchukue.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, tumezoeana. Tanuri jipya limefika na linaunguza upande mmoja, kwa hiyo vijana wanakula mikate iliyoungua na wananenepa. Na wewe kula, usiishi kwa kahawa.

Umeniomba ruhusa wakati mtoto ameshafungasha. Nimemkuta chumbani anakunja soksi, ana furaha hata ameshindwa kunificha kwamba ulimpigia simu yeye kwanza. Haya.

Ila nikuulize jambo moja. Ligi imejaa mabeki. Kwa nini wangu? Mkishinda, watu watasema kocha ana akili. Mkishindwa, utakuwa na mtu wa nyumbani wa kumtupia lawama, ambaye hawezi kukujibu kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nakujua tangu unavaa kaptula. Ukivunja kikombe ulikuwa unaangalia aliyekaa karibu.

Mchukue. Lakini nitakuwa nakutazama.

Dada yako


20 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Habari za nyumbani na kazi? Nilisikia mlikatikiwa umeme unga ukiwa umeshakandwa, pole sana. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kinaniwanga.

Tulianza vizuri mno. Mechi za mwanzo hakuna aliyetufunga, na mashabiki wakambatiza mwanao jina la Kisiki, kwa kuwa kila anayemkimbilia anajikwaa. Mazoezini nawafanyisha wagombee mpira wa juu wawiliwawili, bega kwa bega, kichwa kwa kichwa, hadi mmoja ashike nyasi. Walilalamika, lakini walipoanza kushinda wakanyamaza.

Kisha, tangu katikati ya Septemba, kuna kitu kimeharibika. Tumefungwa mabao matano ya aina moja. Nahodha anaita, watatu wanapanda, Kisiki anabaki. Si mbali, ni hatua moja. Hatua hiyohiyo inamwokoa mshambuliaji asiotee, na bao linaingia. Mara ya kwanza nilisema ni uchovu. Mara ya tano mtu hasemi hivyo.

Nimemuuliza. Ananitazama mdomoni kama mtu anayesubiri nimalize, kisha anasema, "Nitarekebisha, Kocha." Ukimwita kwenye korido anapita kama hajakuona. Chumbani anakoishi na nahodha ameomba wabadilishane vitanda, bila kutoa sababu. Na wiki iliyopita nimemwona kwa macho yangu akishuka kwenye gari la mtu mmoja mnene wa miwani, mtaa wa pili kutoka uwanjani. Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Rafiki." Rafiki gani wa umri wangu?

Kocha msaidizi anadhani kijana amenunuliwa. Mimi sijasema hivyo. Nakuuliza tu wewe uliyemzaa: kuna jambo lolote unalolijua?

Mdogo wako


27 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Huo umeme usikusumbue.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikarudia nimekaa. "Mimi sijasema hivyo." Kumbe aliyeiandika ni nani?

Sijui huyo mtu wa miwani. Ningemjua ningekuambia, hata kama ni kwa aibu yangu. Lakini na mimi nina macho. Nasikia redioni kwamba mwenyekiti wako amekupa hadi mwisho wa mzunguko wa kwanza, timu ikiendelea kuporomoka unaondoka. Hilo barua yako imeliruka. Basi niambie, ni mwanangu ndiye aliyebadilika, au ni wewe unayetafuta aliyekaa karibu na kikombe?

Nimempigia simu. Aliniambia "Ndiyo, Mama" mahali ambapo jibu lilikuwa hapana. Ana jambo, sikatai. Lakini kuna njia ya kumuuliza mtoto jambo lake, na njia ya kumtega. Usimtege.

Dada yako


14 Novemba

Dada,

Shikamoo. Sina habari njema, na naomba uisome barua hii hadi mwisho.

Jumamosi tumefungwa mbili bila, yote mawili kupitia upande wake. Tulipoingia chumba cha kubadilishia nguo, niliwaambia wote wakae. Nikasema, "Humu ndani kuna mtu anazichezea timu mbili." Sikutaja jina. Lakini nilikuwa nimemtazama, na wenzake wakafuata macho yangu. Yeye alikuwa ameinama anafungua viatu. Alipoinua uso akakuta kila mtu anamwangalia, akauliza, "Umesemaje?"

Kipa akacheka kwa hasira. Akamwambia, "Unajifanya hukusikia?"

Basi mwanao akavua jezi, akaikunja, akaiweka benchi, akatoka na viatu vya uwanjani miguuni. Nilisikia njumu zake kwenye saruji mpaka nje. Kesho yake mji mzima ulikuwa umeshajua. Ukutani nje ya uwanja wameandika "Kisiki cha kuuza".

Chumbani kwake hayupo. Simu hapokei. Kama yuko kwako, usimfiche. Kama hana kosa, aje aniambie usoni.

Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako


23 Novemba

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimepiga simu kiwandani, kijana wako mmoja amesema umetoka, na nilikuwa nakusikia nyuma yake ukigombana na mtu wa unga.

Nikiri kwamba ukimya wako unanifanya nifikiri mengine mabaya zaidi. Niambie tu kama yuko hai na mzima.

Mdogo wako


8 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa makusudi. Ningekujibu siku ile, leo tusingekuwa ndugu.

Yuko hapa. Alifika na begi moja, akalala siku mbili. Nilimuuliza mara moja, "Umeuza?" Ndiyo, na mimi nilimuuliza, nawe ulishanitia sumu. Akasema, "Hapana, Mama." Nikaanza kumchunguza kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Namwita jikoni, haitiki. Nasema naye akiwa amenipa mgongo, kimya. Nikasema moyoni, mtoto amekuwa na kiburi, na mwenye kiburi ana la kuficha.

Juzi alikuja kiwandani kunisaidia. Amesimama mezani, trei tupu likaponyoka nyuma yake upande wa kushoto, likagonga sakafu mlio wa kutoa roho. Wote tuligeuka tulipolisikia. Yeye aliruka, akageukia kulia, mlangoni, akawa anatafuta huko kilichoanguka. Trei liko miguuni pake, na yeye anatafuta mlangoni!

Nikaenda nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa, nikaliita jina nililompa alipozaliwa. Hakutikisika. Nikazunguka kulia, nikaita kwa sauti ndogo. Akageuka, akaniona uso wangu, akajua kwamba nimejua. Alikaa juu ya gunia la unga akalia kama alivyokuwa akilia zamani, kwa kwikwi.

Ni sikio la kushoto. Septemba, kwenye yale mazoezi yako ya kichwa kwa kichwa, alipigwa na kiwiko cha nahodha. Alidhani litazibuka. Huyo mnene wa miwani ni daktari wa masikio. Alimwendea kisirisiri ili daktari wa klabu asijue. Siku uliyowaona alikuwa na kizunguzungu hawezi kutembea, ndiyo maana yule bwana alimpa lifti. Amemwambia kiwambo cha sikio kimechanika na ndani zaidi kuna kitu kimekufa, hakitarudi.

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia. Akanijibu, "Mjomba amejenga timu nzima juu ya sauti moja. Ningemwambiaje kwamba mimi siisikii?" Nahodha anamwita kutoka kushoto. Yeye anangoja awaone wenzake wakitembea ndipo atembee. Hiyo ndiyo hatua yako moja.

Nilikukabidhi mtoto mzima. Sikio hutaweza kulirudisha. Jina lake utalirudisha. Ingia chumba kilekile, mbele ya watu walewale, useme kwa sauti ileile.

Dada yako


19 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Sikujua pa kuanzia, nimechana karatasi nyingi.

Nikuambie ukweli hata kama utanichukia: barua yako sikuiamini mara moja. Nilisema mama yeyote angemtungia mwanawe hadithi. Nikaenda hadi kwa yule daktari. Nilipotaja jina tu akavua miwani akasema, "Mambo ya mgonjwa wangu ni ya mgonjwa wangu," akanifungulia mlango nitoke. Nikamwendea nahodha. Nikamuuliza kama anakumbuka kumgonga Kisiki. Akasema, "Damu ilitoka sikioni, Kocha. Alinisihi nisiseme. Nikadhani imepita." Ndipo nilipoamini.

Nilimpelekea mwenyekiti habari. Akasema niiache ilivyo. "Watu wameshapata mtu wa kumlaumu, wametulia. Ukisema ni mazoezi yako, kesho watakuwa mlangoni kwako." Ningekudanganya nikisema sikulifikiria hilo. Nililifikiria njia nzima hadi uwanjani.

Lakini nimesema. Chumba kilekile. Nilisema Kisiki hakuuza mechi, kwamba sikio lake limekufa kwenye mazoezi niliyoyapanga mimi, na kwamba nilimshuku mtoto wa dada yangu kabla ya kumuuliza anaumwa nini. Kipa alitoka nje. Baadaye nikawaambia waandishi wa habari maneno hayohayo. Ukuta nimeupaka rangi mwenyewe mchana, watu wanapita wananitazama. Mazoezi yale nimeyafuta. Mwenyekiti amenibakizia mechi nne.

Daktari akimruhusu, na yeye mwenyewe akitaka, nafasi yake ipo. Atahamia kushoto, nahodha aende kulia, amsemeshe kwenye sikio zima. Asipotaka, nitaelewa.

Mdogo wako


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefika nyumbani salama, mgongo unanilaani kwa lile benchi la mbao la jukwaani. Najua hukuniona. Nilijinunulia tiketi nikakaa nyuma ya benchi lako, kofia hadi machoni, kwa sababu kumpa mtoto ruhusa ya kurudi ni jambo moja na kukuamini wewe ni jambo lingine.

Wanasema mlitoka suluhu, bila bila, na kwamba mwenyekiti amekuongezea hadi mwisho wa msimu. Mimi mpira sikuutazama sana. Nilikuwa nakutazama wewe. Mwanangu alipokuwa akipanda sawa na wenzake ulikuwa unatafuna kidole kama kawaida yako. Nikangoja akosee. Kipindi cha pili akakosea, nusura wawafunge, kipa akaokoa kwa mguu. Bwana aliyekaa karibu yangu akainuka, akapiga kelele, "Ameanza tena huyo!" Watu wakamfuata. Nilikukazia macho, nikasema, sasa ndipo nitakapomwona ndugu yangu. Ulisimama, ukaenda mpaka kwenye mstari, ukawageukia wale watu wa jukwaani ukawanyooshea kidole wanyamaze. Yeye hukumtazama kabisa. Ulikuwa umemwacha acheze.

Nikavua kofia. Lakini hata hapo hukuniona.

Usiku alinipigia simu. Anasema mguu unauma, chakula kizuri, nahodha anamfulia soksi hata akikatazwa. Nikamuuliza, "Na mjomba wako?" Akasema, "Kocha hajambo."

Ndivyo anavyokuita sasa, hata akiwa na mimi. Neno la mjomba amelifungia, na funguo anazo yeye. Usimwombe. Usimpitishie kwangu. Mfundishe kazi, mpumzishe akichoka, na akisema anaumwa mwamini. Kama litarudi, litarudi uwanjani huko, mimi nisiwepo.

Mechi ijayo nitakuja tena. Usinitumie tiketi.

Dada yako