Siku Leodegar Alipokunywa Dawa

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Juni 1969

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepungua kuuma kwa baridi ya huko Kibosho. Sisi tunapumua, na watoto hawajambo. Wifi Celina, wewe unayemsomea mama, nakusalimu nawe. Soma polepole, wala usiruke neno.

Mama, tangu gari la mafuta lilipopinduka na kuungua mteremko wa Kitonga, likamchukua mdogo wake Kasmir, mwanao Leodegar aliyekuwa naye garini hakuwa mtu tena. Alishinda uani, mikono yenye makovu mapajani. Akisikia harufu ya mafuta ya taa, anakimbilia barabarani.

Nilimpeleka kwa Daktari Mwinyimvua wa hapa mtaani, aliyenizalisha watoto wote wawili. Vidonge vya usingizi havikusaidia. Ndipo akaniambia yuko bingwa wa maradhi ya akili, Mzungu mgeni, mwenye dawa ya matone inayomfanya mtu aote akiwa macho, yaliyomkaa rohoni yakatoka. Hakunificha: dawa hiyo yaweza kutibu, yaweza pia kumzidishia mtu hofu. Akasema hatakubali mgonjwa wake ainywe kati ya watu asiowajua. Basi ikafanyika katika chumba cha daktari mwenyewe anamotibia, mimi nimekaa upande huu, yeye upande ule.

Mwanzoni Leodegar alicheka. Alisema migomba ya nyumbani imeota sakafuni, na anasikia maji ya mfereji. Kisha akaanza kutetemeka na kupiga kelele, akitaka kutoka mbio. Bingwa akainuka na sindano ya kumlaza. Daktari akamzuia, akamshika Leodegar mabegani: "Ni mimi, Mwinyimvua. Mkeo huyu hapa. Tuambie."

Akatuambia.

Mama, ulielezwa kwamba Kasmir alikufa papo hapo. Haikuwa hivyo. Alibanwa miguu. Leodegar alimvuta mpaka moto ukamla mikono, na ni Kasmir mwenyewe aliyemsukuma: "Kaka, niachie, wewe una watoto." Halafu akamwomba jambo moja: "Mama asijue kwamba niliumia."

Ndiyo sababu siku ya matanga ulipomwuliza mbele ya watu amemwacha wapi mdogo wake, aliinamisha kichwa. Ndiyo sababu hakukujibu hata ulipomkataza kukanyaga migombani, kihamba cha baba yake.

Sasa analia, na akishalia analala. Lakini hajapona. Nilimwomba daktari dawa ile tena, akakataa. Alisema iliyobaki si kazi ya dawa. Kila jioni akishafunga chumba chake hupita kuketi naye uani. Juzi Leodegar alimwuliza kama mtu aliyefukuzwa na mama yake anaweza kuzikwa kwao.

Leodegar hajui kwamba nakuandikia. Ahadi ya marehemu nimeivunja mimi, si yeye. Nisamehe kukuumiza upya, mama, lakini mwana mmoja tumekwisha kumzika. Huyu mwite, angali anasikia.

Nisalimie shangazi Elieshi na wote wa hapo nyumbani. Wajukuu zako wanakuamkia.

Ni mimi mkazamwana wako,
Euphrasia