Wameniomba Niongeze Simba

Alhamisi, Kwamndolwa.

Joto la kunata. Mawingu yamejazana upande wa milimani tangu asubuhi, yananguruma kidogo halafu yananyamaza. Nimeoga mara mbili na bado nina hasira.

Siku tisa sijaandika hapa. Si kwamba nilibanwa na kazi. Nilikuwa naona aibu.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: nachora mabango na kuta za maduka hapa Korogwe. Kuku kwenye duka la vyakula vya mifugo, mkasi kwenye saluni, jino kubwa jeupe nje ya kliniki ya meno. Mnajua pia ugonjwa wangu wa pili, lile gemu la kukusanya viumbe ambalo nimeling'ang'ania tangu sekondari. Unatembea porini, unakutana na kiumbe, unamkamata, unamlea, unampeleka kupigana na wa wenzako. Sisi tuliliita Vidude, kwa sababu jina lake halisi liliandikwa kwa maandishi tusiyoweza kuyasoma.

Nasema "sisi". Hapo ndipo panaponiuma.

Naserian nilimkuta hosteli, Handeni, kidato cha kwanza. Mimi ni Mzigua wa Kwaluguru, wazazi wangu wanalima mahindi. Yeye ni Mmasai, kwao ni wafugaji wa huko nyikani. Kaka yake alikuwa mlinzi Dar es Salaam, na likizo moja akamletea kigemu cha mkononi kilichokwisha kutumika, kioo kina ufa. Ndani kulikuwa na gemu moja tu, na nafasi moja tu ya kuhifadhi ulipofikia. Kwa hiyo tulicheza safari moja watu wawili, leo yeye, kesho mimi. Lugha hatukuijua. Tulikariri umbo la maandishi ili tujue pa kubonyeza, na viumbe tukawapa majina yetu wenyewe.

Mimi nilipenda kukamata. Nase alipenda kulea. Mle ndani kuna bohari: ukishafikisha viumbe sita, waliozidi wanafungiwa huko mpaka utakapowahitaji. Nase hakuivumilia ile bohari. Kila zamu yake alikuwa anawatoa mmoja mmoja, anazunguka nao kwenye majani, anawarudisha. Nilimgombeza kwamba anamaliza betri.

"Wamekaa gizani wiki nzima hawa," alikuwa akinijibu. "Wewe ungekubali?"

Miaka imepita na wenye gemu lao wameliharibu. Sijui niseme vipi tena, nimeshalalamika humu mara ngapi. Kila toleo jipya viumbe wanaongezeka, rangi zinang'aa zaidi, na cha kufanya kinapungua. Kamata, piganisha, weka bohari, kamata mwingine. La mwisho nilicheza siku mbili kwenye simu nikalifuta. Hata kiumbe mmoja simkumbuki.

Ndiyo maana walipotangaza kwamba wanataka mawazo ya kulifufua, kutoka kwa mchezaji yeyote popote alipo, nilipiga kelele nikiwa juu ya ngazi na kopo zima la rangi ya bluu likaanguka kwenye kibaraza cha mteja.

Nilifanya kazi ile wiki tatu. Nikamchora kiumbe wa mkonge, mwenye miiba mabegani, ambaye anakaa kimya miaka mingi kisha anatoa mlingoti mmoja mrefu, mara moja tu katika maisha yake, na baada ya hapo anakufa. Ni juu yako kuamua lini. Nikamchora wa vumbi, ambaye huonekana gari likishapita. Nikaandika kwamba ndani ya gemu kuwe na vuli na masika, na kwamba mvua iwe na uwezo wa kukataa kunyesha, na ikikataa, hata wewe mwenye viumbe hodari uhangaike.

Nilikuwa na viumbe wazuri. Sikuwa na gemu. Katikati palikuwa na shimo, na shimo lenyewe lilikuwa ile bohari.

Nikampigia Nase. Siku hizi anachanja mifugo, anazunguka boma hadi boma na kiboksi cha barafu. Nikamlalamikia kuhusu bohari, akacheka. Akasema kwao hakuna mtu anayeweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Unampa rafiki yako mmoja, unampa mwingine wawili, wanakaa kwao, anakamua, wanazaa huko. Ukipigwa na ukame au ugonjwa, hujaisha. Na unakwenda kuwasalimu.

"Gemu lile lingekuwa hivyo," akasema. "Toa bohari. Waliozidi mpe mtu."

Nilikata simu nikachukua karatasi. Lilikuwa ndilo lenyewe. Viumbe wako wako kwa mchezaji mwingine, yuko Mwanza au yuko Brazili, anawalea kama wake, na wewe huna namna ila kumwamini na kumtembelea.

Nikaliandika ukurasa wa kwanza, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikaandika, "Nyumbani kwetu tunafanya hivi." Nikaweka jina langu.

Jina langu peke yake.

Siku tisa zilizopita wakajibu. Wazo langu limo kwenye machache waliyoyachagua. Wamelipenda sana lile la kuachiana viumbe. Kisha wakaomba mambo mawili kabla ya Ijumaa. La kwanza, niongeze simba, maana viumbe wangu "hawatambuliki haraka" kuwa wa Afrika. La pili, nijirekodi video fupi nikieleza jinsi wazo lilivyotoka kwenye maisha yangu, na ingependeza nikivaa mavazi yetu ya asili.

Simba! Nimeishi miaka thelathini na miwili kati ya Handeni na Korogwe, na simba nimemwona kwenye kalenda na kwenye mfuko wa saruji. Mkonge naupita kila siku. Vumbi nalifua kila siku. Hivyo havitambuliki. Watu wanaoniambia wamechoka na mambo yaleyale ndio hao hao wanaoniomba jambo lilelile.

Nilikasirika siku nzima. Siku ya pili nikamchora simba. Nikamchana. Nikamchora tena.

Sasa niseme lile ambalo limenifanya nisiandike hapa. Mavazi ya asili. Mimi nina gauni, nina kanga, nina mtandio. Nilijua hawataki hivyo. Nilijua kabisa wanataka kuona nini, na siku zote hizo nilikuwa nawaza nitayapata kwa nani. Na jana nikapanda basi la asubuhi kwenda Handeni kumwomba Naserian aniazime shanga zake.

Nimeiandika. Siifuti.

Bodaboda alinishusha bomani kwa wakwe zake Nase. Nikamwamkia mama mkwe wake shikamoo, akaitikia, akanionyesha kwa mkono kwenye zizi. Nase alikuwa na koti lake la bluu la kazini na gambuti zilizojaa samadi, amembana mbuzi kati ya magoti, sindano mkononi. Aliniona akafurahi kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Alifurahi.

Nilimweleza harakaharaka, nikaanza na simba ili acheke. Akacheka. Kisha akaomba simu ajisomee mwenyewe. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Hapa wanasema limetoka kwenye maisha yako."

Nikanyoosha mkono anirudishie simu.

"Mwanaidi. Wazo umeshachukua. Sasa umefuata na shanga."

Nilijitetea, na utetezi wenyewe ulikuwa mbaya. Nikasema nimechora wiki tatu. Nikasema yeye alisema tu kwenye simu, hakuandika, hakuchora, hakujua kama kuna shindano.

"Ndiyo, nilisema tu," akajibu. "Nilikuwa naongea na rafiki yangu."

Akanirudishia simu, akamshika mbuzi mwingine.

Sikujua niondoke au nibaki. Nikavua viatu, nikaingia zizini, nikaanza kumshikia mbuzi. Hakunikataza. Tulifanya hivyo mpaka jua likawa utosini, bila neno zaidi ya "huyo bado" na "huyo tayari". Gauni langu nimeliloweka tangu jana na harufu haijatoka.

Alipofunga kiboksi chake ndipo akazungumza. Akasema wazo si lake hata, kila mtu kule analijua, wazee walilikuta. Kilichomuudhi ni yale maneno, nyumbani kwetu tunafanya hivi. "Nyumbani kwenu mnapalilia mahindi! Ng'ombe mmekuwa naye lini?" Akacheka kidogo mwenyewe. Mimi sikuweza.

"Nirekodi mimi," akasema. "Lakini sivai kitu. Hivihivi, na mabuti."

Nikamrekodi palepale, mbuzi wanapiga kelele nyuma yake. Aliongea Kiswahili, dakika mbili, kama anayemwelekeza mtu njia. Alisema ukimwachia mtu mnyama wako, yule mtu hawezi kuwa mgeni kwako tena. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi nisingelifikiria hata kwa mwaka: kiumbe wako akifa mikononi mwa mwenzako, gemu lisikurudishie mwingine. Lisikupe fidia. Likufungulie njia tu ya kwenda kwake, mkae, akueleze ilikuwaje. Baada ya hapo mtajua wenyewe kama mtaachiana tena.

Nilirekodi mpaka neno la mwisho.

Leo asubuhi nimekwenda steshenari kutuma. Umeme ukakatika nikiwa nimepakia nusu ya video. Ukarudi saa nane. Nikajaza fomu upya, nikaandika majina mawili, langu na lake. Ikakataa. Nikajaribu kuyaunganisha yawe kama jina moja. Ikakataa tena, kwa maandishi mekundu: mshiriki ni mmoja.

Dada wa steshenari alikuwa ananitazama. "Si uweke lako tu, wewe si ndiye mwenye barua pepe?"

Nilikaa mbele ya ile kompyuta muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Viumbe wale ni wangu. Yule wa mkonge nilimchora mara kumi na moja mpaka mabega yakakaa sawa. Nimelisubiri jambo hili tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na halitarudi.

Nikafuta jina langu. Nikaandika Naserian. Palipoandikwa wapi wazo limetoka, nikaeleza kila kitu jinsi kilivyokuwa, pamoja na nilichofanya mimi. Simba sikumweka. Nikabonyeza.

Kisha nikampigia. Nilidhani atashukuru, ndivyo nilivyo. Akafoka.

"Nani kakuomba ufute jina lako? Wakinipigia wakiuliza michoro nitasema nini, mimi hata kuku siwezi kuchora!"

"Utanipigia."

"Na wakitutoa?"

"Watutoe."

Nikasikia mtu anamwita kwa Kimasai, naye akajibu, kisha akarudi kwenye simu. "Jumapili uje," akasema. "Uje uoge huku, najua bado unanuka mbuzi, maji tunayo." Akakata.

Ningependa kuandika kwamba najisikia mwepesi. Sijisikii. Nina hasira na wale wenye gemu, nina hasira na fomu yenye nafasi moja, na zaidi nina hasira kwamba nilihitaji kuaibishwa zizini ndipo nikumbuke gemu lile tulilicheza wawili. Nimejiuliza tangu nilipotoka steshenari: nimeandika jina lake kwa sababu ni haki yake, au ili nisiendelee kuona aibu? Sijui. Labda kwa leo si lazima nijue.

Ngurumo tena. Hainyeshi.

Kesho nina kazi Makuyuni, duka la dawa za mifugo linataka ng'ombe ukutani. Mwenye duka ameniambia kwenye simu anataka ng'ombe anayecheka, meno yote nje. Miaka yote nimewachora hivyo, kwa sababu ndivyo wanavyotaka na mimi sina muda wa kubishana. Kesho, kabla sijafungua kopo, nitakaa naye kwenye benchi lake na kumuuliza: wewe mwenyewe unafuga? Wa kwako anaitwa nani, na yukoje?