Shamba la Mutua

Iveti, Machakos
20 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu Mutuku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini uko mzima huko Mlolongo, wewe, mama watoto na wale wawili, na kwamba vumbi la mawe ya kwari halijakumaliza kifua. Sisi tuko, ila si wazima sana. Usicheke kuona karatasi wakati niko na simu. Haya hayasemwi hewani, ndiyo maana nimempa jirani yetu Onesmus akukabidhi mkononi.

Mwezi wa tisa alikuja mwalimu mstaafu, Bartholomew, anayeandika habari za watu wa kwetu waliopelekwa vita vya Burma. Nilijivuna, si unanijua! Nikamweleza vile babu Wathome aliondoka na rafiki yake Mutua, vile Mutua alifia huko akimwachia babu shamba la bondeni, na vile wazee walimlisha babu kithitu juu ya hayo mwaka wa 1947, kile kiapo kisichomsamehe mwongo, naye akala bila kutetemeka. Sikumwambia kwamba mwaka uleule babu alizika wana watatu, akabaki na baba yetu peke yake. Tuliambiwa ilikuwa surua.

Habari ikafika Tala kwa Kalunde, mjukuu wa dada yake Mutua. Akaja kusema kwamba shamba ni lao, babu aliachiwa alitunze tu. Nikamfukuza kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hafai kuyatamka. Nilikuwa nafikiria nyumba yako pale bondeni, imebaki mabati tu, na jasho lako la miaka kumi na mmoja. Wazee wakasema basi na iwe kama zamani. Ijumaa nikala kithitu mbele yao: kama Mutua hakufia Burma, kitumalize, mimi na wewe na watoto wetu.

Jumatatu ng'ombe wa maziwa alianguka akafa. Jana binti yangu Wavinya akaamka na homa. Kliniki wanasema ni malaria.

Sasa nikuambie kinachonitafuna. Kabla ya kuapa nilifungua lile sanduku la risasi la babu, nikitafuta picha ya kumpa Bartholomew. Chini kabisa kulikuwa na barua ya Mutua, ameiandika hospitalini Nairobi, 1946. Amekatwa miguu yote miwili, anamwomba babu aje amlete nyumbani. Babu hakwenda. Na mimi, ewe mwana wa mama, niliisoma mara mbili, nikairudisha mahali pake, nikaenda kuapa.

Nimeulizia kwa mbali. Wanasema kuna utakaso, nikikiri na kurudisha shamba. Lakini nusu ni lako, na nyumba ni yako. Barua ya Mutua nimeitia humu. Isome, unijibu na Onesmus huyohuyo.

Tafadhali usikawie. Tangu asubuhi Wavinya anauliza yule mzee asiye na miguu pale mlangoni anangoja nani. Mutuku, hiyo barua sijamwonyesha mtu.

Msalimie mama watoto. Wale wadogo uwakumbatie kwa niaba yangu, lakini Krismasi hii usiwalete.

Ni mimi kaka yako,
Ndunda