Shuka la Kufunika Uso

Yeyo,

Shikamoo. Najua ungeanza kwa kuuliza ng'ombe, kwa hiyo nianze nao: wote wazima, yule mwekundu kazaa ndama jike, na mvua imenyesha vizuri huku Kisongo. Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Nina wivu, mama. Namwonea wivu rafiki yako Mama Paulo, mpaka nashindwa kukaa naye benchi moja kanisani.

Unamkumbuka yule daktari kijana wa kituo cha afya? Titi lako lilipoota uvimbe nilikubembeleza, masika ikapita, kiangazi kikapita. Nauli kaka Lazaro alituma. Bodaboda alikuja hadi mlangoni. Wazee siku hizi hata foleni hawapangi, wana dirisha lao. Ukakataa. Ukasema daktari ni rika la Lazaro, na mama havui nguo mbele ya mwanawe. Nikakuambia, yeyo, yule ni Msukuma, si Mmaasai kama sisi, kwao hawana mambo ya rika. Ukanijibu, "Kila mwanamume ana rika, hata kama kwao hawakumwambia." Nilicheka. Na wewe ukacheka, ukajifunga shuka lako, ukaenda kukamua.

Ulipokubali, uvimbe ulikuwa umeshapasuka.

Tulipokwisha kukuzika, Mama Paulo alikuja kwangu. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani kwake, juu ya nguo. Kulikuwa na kitu kidogo kigumu, kama harage. Akasema, "Mama yako amenifumbua macho. Nipeleke." Yeyo, wewe nilikulilia hukusikia. Yeye hakubembelezwa na mtu. Kifo chako kilimtosha.

Nikampeleka. Kwenye mlango wa daktari akagoma kama wewe, maana na Paulo ni wa rika lile lile. Unajua alifanyaje? Aliniomba kitenge changu, akapanda kitandani, akajifunika uso. "Nisipomwona, hajaniona," akasema. Daktari akatabasamu, akampima, yakaisha.

Kumbe ilikuwa hivyo tu! Na wewe shuka ulikuwa nalo mabegani kila siku ya Mungu. Nilisimama pale, mama wa watu kanibana mkono, machozi yananitoka, naye chini ya kitenge ananifariji: "Usilie mwanangu, siumii." Nilitamani kumwambia sikulilii wewe.

Jumatatu anafanyiwa upasuaji mjini. Wamesema amewahi. Neno hilo limenichoma. Kwa nini awahi yeye? Wanawe wako Dar, simu yao ni ya Krismasi, na mama yao huenda akapona. Mimi niliyekuwa nakupikia uji na kukusuka nimebaki na kaburi la kupalilia. Siku hizi ananiita mwanangu mbele za watu, na anangoja nimwite yeyo. Atangoja sana.

Juzi alikuja kuniomba shuka lako jekundu, ajifunike nalo mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Anasema huko mjini madaktari vijana ni wengi, na bila wewe haendi. Nikamwambia limeliwa na panya. Uongo mtupu. Liko sandukuni kwangu, sijalifua, bado lina moshi wa jiko lako. Aliondoka taratibu na fimbo yake, mkono mmoja ameubana ubavuni vile vile ulivyokuwa unaubana wewe ukidhani sikuoni. Nikamhurumia, mama, na wivu haukuondoka. Sikujua kama vinaweza kukaa moyo mmoja.

Tangu hapo silali vizuri. Namjua, haendi kweli. Ni mbishi kama wewe, ndiyo maana mlipatana.

Basi pumzika, yeyo wangu. Mwingine sina, na sitafuti. Nakuahidi hivi: Jumatatu asubuhi nitalitoa shuka sandukuni, nitakwenda kwake, na nitamfunika kwa mikono yangu. Kule ndani mimi sitaruhusiwa kuingia, kwa hiyo uende naye wewe, umkalie karibu kama mlivyokuwa mkikaa mkiuza maziwa.

Lakini tukifika mlango wa chumba cha upasuaji, kabla wauguzi hawajamwingiza, nitamvua shuka nilikunje nilirudishe nyumbani. Yeye apone. Mimi niachiwe shuka.

Binti yako,
Nembris