Mashine Niliyoinyamazisha

Jumamosi, mwezi wa saba. Kansay.

Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi. Saa kumi hii bado nimevaa koti ndani ya nyumba, vidole vimekufa ganzi, na mezani kuna saketi iliyoninyima hamu ya kula. Mke wangu amepita mara mbili, ameitazama sahani, ameifunika. Ananijua.

Naandika kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi redio na sola, kibanda changu kiko Karatu mjini, nyumbani ni huku Kansay. Miezi miwili iliyopita nilianza kuunda mashine ya kutambua chuma. Si ya kutafuta mali zinazosemekana Wajerumani walizifukia kule Oldeani, ingawa kila aliyeiona aliniuliza hilo, na wawili walitaka tukubaliane mgawo kabla haijawaka. Niliiunda kwa ajili ya ng'ombe. Bwana mifugo wetu alinieleza kwamba ng'ombe halambi akachagua. Akimeza msumari au waya, ncha yake inaweza kutoboa tumbo na kusogea hadi kwenye moyo, na mwenyewe hajui mpaka maziwa yamekauka na shingo imevimba. Ukijua mapema, kuna sumaku ya kumezesha, inakamata kile chuma na kukituliza humo humo tumboni. Shida ni kujua. Nikajisemea, hiyo ni kazi ya koili na betri ya pikipiki.

Inavyofanya kazi si ajabu. Koili, ambayo niliisuka kwa waya wa shaba wa feni iliyokufa, inapewa umeme kidogo sana kisha unakatwa ghafla. Mashine inasubiri, halafu inasikiliza. Kama kuna chuma karibu, umeme ulioamshwa ndani yake unachelewa kutulia, na spika inalia. Ule muda wa kusubiri ndio roho ya mashine. Nimeuwekea voliumu ndogo ya redio, unaizungusha kwa bisibisi.

Wiki tatu zilizopita niliijaribu kwa ng'ombe wanne: wangu, wa Mama Paskalina ambaye ni mjane wa kaka yangu, wa Mzee Safari jirani yetu, na wa jamaa mmoja wa ng'ambo ya korongo. Ililia kwa watatu. Kwa yule wa ng'ambo ilinyamaza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama nikafikiri. Sikusimama.

Nilisema haiwezekani ng'ombe watatu kati ya wanne wawe na chuma tumboni na wote wanakula vizuri. Nikajitafutia sababu ya kitaalamu: ng'ombe ni gunia la maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanaweza kuidanganya mashine inayowahi kusikiliza. Kweli yanaweza. Yule wa ng'ambo nikasema amekonda, hana maji ya kutosha. Nikazungusha voliumu, nikarefusha muda wa kusubiri mpaka mashine ikawa kimya kwa wote. Halafu, ili niridhike, nikafukia msumari wa inchi sita kwenye ndoo ya pumba zilizoloana. Ikalia safi kabisa. Nikafurahi. Miaka yote kazi yangu ni kuondoa makelele kwenye redio za watu, na kitu kikilia nisipotaka, mkono unakwenda wenyewe kwenye voliumu.

Nikawaambia Mama Paskalina na Mzee Safari kwamba ng'ombe wao wako safi.

Juzi Alhamisi ng'ombe wa Mama Paskalina alikufa.

Alikuwa naye huyo huyo mmoja. Bwana mifugo alimpasua tukiwa tumesimama kwenye majani yenye umande, na kwenye ngozi inayofunika moyo akachomoa nyaya nne nyembamba, za rangi ya shaba. Akazifuta kwenye majani, akasema, "Hizi ni za tairi. Kuna mtu kachoma tairi hapa karibu." Mama Paskalina alikuwa amejifunika kitenge usoni. Mimi nikanyoosha mkono nikaziomba, eti nikazipime kwenye mashine, nikazitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

Sikuziomba ili nizipime. Nilitaka zisiendelee kuonekana.

Matairi niliyachoma mimi. Ilikuwa mwaka jana, tulipochoma matofali ya nyumba hii ninayoandikia. Kuni zilikuwa mbichi, tanuru likawa linafuka moshi tu bila kushika, nikachochea kwa matairi matatu makuukuu. Tanuru lilikuwa pembeni ya njia ya kupeleka ng'ombe kunywa maji, na jivu nililiacha pale pale. Ng'ombe wa huku wanapenda kulamba jivu, hata mtoto mdogo anajua. Nimewaona mara nyingi wakililamba, nikaona ni heri limepata kazi. Yule wa ng'ambo ya korongo hapiti njia hiyo.

Tulipokuwa tunatawanyika Alhamisi ile, Mama Paskalina alinifuata. "Asante, shemeji," akasema. "Wewe angalau ulihangaika naye." Sikuweza kumtazama. Nilisema lazima niwahi mjini, na mjini sikwenda.

Leo nimekaa kutafuta kosa la mashine. Niseme ukweli, nilikuwa naomba nilipate. Niliombea transista iwe imeungua, au panya awe amekata waya, chochote ambacho si mimi. Nikarudisha muda wa kusubiri ulipokuwa mwanzo, mfupi, nikaanza kupima. Kila nikiinamia meza, inalia. Nikiegemea kiti, inanyamaza. Nikasema nimekupata. Nikalehemu upya maungio yote ya koili. Nikabadilisha kapasita. Nikavua saa, nikavua mkanda, nikasogeza koleo hadi dirishani. Nikiinama, inalia. Karibu nusu saa naibembeleza na kuitukana kwa zamu.

Halafu nikagusa kifua.

Shati ni lile lile la Alhamisi. Kwa baridi hii nguo hazikauki, unavaa ulichovaa. Nyaya nne zilikuwa bado mfukoni, chini ya koti.

Nikazitoa nikaziweka mezani. Mashine ikalia. Nikazungusha voliumu hadi pale nilipoiweka siku ya kuwapima ng'ombe. Kimya. Nikazilaza nyaya juu ya koili yenyewe, zinagusa kabisa. Kimya. Nikaweka msumari, ikalia. Chuma kinene kinachelewa kutulia, waya mwembamba unatulia upesi. Kwa kusubiri sana, nilikuwa naanza kusikiliza wakati waya umeshamaliza kusema. Niliijaribu kwa msumari, na ng'ombe walikuwa wamemeza nyuzi.

Mashine ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nikarudisha muda mfupi wa mwanzo, nikatoka nayo. Kwa ng'ombe wangu, ililia. Kwenye jivu la tanuru ililia nilipoanza, ikalia nilipozunguka, na nilipomaliza duara ilikuwa bado inalia.

Nikaenda kwa Mzee Safari. Nilimkuta anakatakata mabua, ng'ombe wake mwenye mimba ya miezi saba anatafuna taratibu. Nikampima, ikalia. Mzee akasimamisha panga. "Mwanangu, si ulisema yuko safi?"

Nikamwambia mashine ilikosea.

"Basi, mashine ni mashine," akasema, akanishika bega. Tukampigia bwana mifugo, ameahidi kuja Jumatatu na sumaku mbili, moja ya ng'ombe wa mzee na moja ya wangu. Huenda tumewahi, huenda hatukuwahi. Nilipoaga, mzee alinifungia viazi kwenye mfuko, nikavipokea. Viko pale mlangoni, sijavigusa.

Mashine ilikosea. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni. Habari ya matairi sikuitaja.

Nimefikiria kumpa Mama Paskalina ng'ombe wangu. Lakini ng'ombe wangu naye ana waya tumboni, hata zawadi yangu imeharibika. Na nikimpa bila kusema kwa nini, atanishukuru tena, na safari hii sitaweza kusimama pale. Watoto wake wananiita baba mdogo. Kila Jumapili wanakula hapa kwetu. Naogopa sana, sijui niliandikeje zaidi ya hivyo. Yeye hasomi blogu, kwa hiyo kuandika hapa si kuungama, ni kujizungusha tu.

Kesho nitaamka mapema nichukue reki na sumaku za spika mbovu, nizoe lile jivu lote kabla watu hawajatoka kanisani.

Hapana. Jivu nikilizoa kwanza, sitakuwa na cha kumwonyesha, na mdomo wangu naujua. Kesho naanza kwa Mama Paskalina, nyaya zikiwa mkononi, halafu twende naye mpaka kwenye tanuru.