Mama Mkwe Aingie

Jumanne, Kizota

Wanawake wa Zuzu walikuwa wanabangua karanga leo, nikamkumbuka mama. Alikuwa muuguzi Haneti, na kila alipowatembelea wanawake wa huko, kabla ya kutaja kliniki alikaa chini akabangua nao. Nilimpenda zaidi akiwa vile, sare nyeupe imejaa maganda.

Nilikuwa nimewapeleka wajumbe wapya wa bodi ya afya wajifunze kukaa na wananchi. Mwenyekiti wao akaanza kuhutubia: kujifungulia nyumbani ni hatari. Wanawake wakainamisha macho. Nikaona mafunzo yanaharibika, nikamnong'oneza, “Mzee, waulize kwanza.”

Akaketi mkekani. “Mama zangu, mbona hamji zahanati?”

Binti mjamzito aliyeketi na mama mkwe wake akajibu taratibu, “Mama mkwe wangu haruhusiwi kuingia nami. Naogopa kuwa peke yangu.”

Mwenyekiti akamgeukia mganga wa zahanati, aliyekuwa nasi. “Nani alikataza?”

“Ni mazoea tu, mzee.”

“Basi tuyaache. Tukiweka mapazia kati ya vitanda, mama wakwe waingie, mama zangu, mtakuja?”

“Tutakuja!”

Sijui kama ahadi itadumu tukishaondoka; hilo linanisumbua. Lakini binti alimshika mama mkwe wake mkono, wakaenda zahanati kukiangalia chumba cha kujifungulia.

Laiti mama angekuwa hai, nimsimulie.