Siku Zuhura Alipomwona Mwanamke Akiruka

Mjukuu wangu Salma,

Natumai baridi ya Glasgow inakuhurumia. Sisi hapa Kilburn, London, hatujambo, na babu yako goti limepoa.

Umeniuliza kama ile sinema ya zamani ya shujaa wa kike ilikuwa mbovu kama mwalimu wenu anavyosema. Ilikuwa mbovu, mwanangu. Kisa hakikueleweka, na msichana mwenye nguvu zote zile alimaliza nusu ya sinema akimhangaikia mwanamume. Watu ukumbini walicheka.

Lakini aliporuka mara ya kwanza, aliruka polepole juu ya mji, akitabasamu, wala hakuwa akimwokoa mtu. Nikamgeukia dada yangu Zuhura, ambaye mumewe alimkataza kusomea uuguzi. Alikuwa analia.

"Umeona," akaninong'oneza, "hakuomba ruhusa."

Jumatatu yake akaenda kujiandikisha. Nyumbani kulikuwa na maneno, lakini hakurudi nyuma, na uuguzi akaufanya mpaka kustaafu.

Miaka mingi baadaye tuliikodi kanda ya sinema ile. Zuhura alitazama pale msichana yule anaporuka tu, kisha akazima.

"Yaliyobaki ni upuuzi," akasema, akaenda kutia chai.

Akupendaye sana,
Bibi Asha